Mtazame usoni kwanza: kutambua virukamimea pale dalili zinapokuchanganya

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, niliitwa shambani kwa mama mmoja njia ya Muheza. Alikuwa na kikombe cha plastiki, amekifunika kwa kipande cha kanga na kukifunga kwa uzi. "Mwanangu, hebu nisaidie," akaniambia. "Jirani kasema hawa ni vidukari. Shemeji yangu kasema ni panzi wachanga. Wa dukani kaniuzia dawa ya inzi weupe. Nimepulizia mara mbili, na bado wapo." Nilipogusa kikombe, wadudu waliokuwa ndani wakadunda kwenye ile kanga kama bisi kwenye sufuria.

Wote watatu walikuwa wamemtazama mdudu mgongoni, wakaona rangi na udogo wake, basi. Mimi nilimlaza mmoja ubavu, nikamsogezea lenzi. Chini ya jicho, mahali ambapo binadamu ana shavu, palikuwa na kidude kinene kama kitunguu kidogo, na juu ya hicho kitunguu unywele mmoja mwembamba. Hicho ndicho kipapasio chake. Alama hiyo peke yake iliondoa majina yote matatu.

Mashambani wadudu hawa hubadilishwa majina kila kijiji. Hapa nitawaita virukamimea, yaani kundi la Fulgoroidea, ambalo ni ndugu wa nyenze. Wako zaidi ya spishi 12,000 zilizokwisha elezwa duniani, zikigawanyika katika familia karibu 20. Wale ndugu zao wanaofanana nao sana, familia ya Cicadellidae, nitawaita virukajani. Kutenganisha makundi haya mawili ndiko kunakosumbua watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko pengine.

Vifaa si vya gharama. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inatosha kwa mengi, ya mara 20 ni bora. Kichupa cha kioo, sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kijiti, karatasi nyeupe. Mdudu akikusumbua kwa kuruka, mweke kwenye friji dakika chache, atatulia bila kuharibika.

Dalili: anaruka, mabawa yamekaa kama paa la nyumba, hujui ni kirukamimea au kirukajani

Chanzo cha kwanza cha mkanganyiko ni kumtazama kutoka juu. Kutoka juu wote wawili ni vikabari vidogo, kichwa butu, mabawa yameegemeana mgongoni. Mgeuze. Kwenye kirukajani, kipapasio ni unywele tu, kama usinga mmoja, unaochomoza mbele, katikati ya macho mawili. Kwenye kirukamimea, kipapasio kinatoka ubavuni mwa kichwa, chini ya jicho, na pingili yake ya pili imevimba. Ukiikuza zaidi utaona ngozi ya ile pingili ina vipele vipele. Hivyo ni viungo vya kunusia.

Kama huoni kipapasio kabisa, usikimbilie kusema hakipo. Mara nyingi mdudu amelala kifudifudi, au kichwa kimezama kwenye tone la maji ndani ya kichupa. Mtoe, mkaushe kwa ncha ya karatasi, mlaze ubavu, kisha leta mwanga kutoka pembeni. Mwanga wa juu moja kwa moja hung'arisha kichwa chote na kufuta kivuli cha ile pingili.

Alama ya pili iko kwenye mguu wa nyuma. Tazama muundi, ile pingili ndefu kabla ya unyayo. Kirukajani ana safu za miiba, mstari baada ya mstari, kuanzia juu hadi chini, kama kitana. Kirukamimea ana miiba michache tu ubavuni, wengine hawana hata mmoja, halafu kuna kikundi cha miiba pale mwisho wa muundi. Alama hii naipenda kwa sababu hata jicho tupu la kijana linaweza kuiona dhidi ya karatasi nyeupe. Ubaya wake ni kwamba miguu hung'oka. Mdudu aliyekaa wiki mbili kwenye mtego wa gundi mara nyingi hana mguu wa nyuma hata mmoja.

Ikiwa kichwa kimepondeka na miguu imepotea, bado kuna bawa. Angalia mahali bawa la mbele linaposhikana na kifua. Kirukamimea ana kigamba kidogo cha mviringo pale kwenye shina la bawa, kama kifungo kilichoshonwa begani. Virukajani hawana. Halafu fuata ukingo wa ndani wa bawa, ule unaokaa mgongoni: mishipa miwili inaanza mbalimbali, inakutana, inakuwa mmoja, ikiandika herufi Y. Kwa kirukajani, mishipa ya eneo hilo kwa kawaida hufika ukingoni kila mmoja na njia yake.

Ipo alama nyingine ya tumboni ambayo wachache huitumia, nami naiona ya thamani. Mpindue chali, tazama miguu ya kati inapotokea mwilini. Kwa virukamimea, pingili ya kwanza ya miguu hiyo ni ndefu na imeachana sana, mmoja kulia kabisa, mmoja kushoto kabisa. Kwa ndugu zake ni fupi na zimesogeleana.

Usitegemee alama moja. Kipapasio na mguu vikikubaliana, andika jina. Visipokubaliana, kosa karibu kila mara ni la macho yetu: mguu wa mdudu mmoja umenasa kwenye mwili wa mwingine, au tumetazama mguu wa kati tukadhani ni wa nyuma.

Dalili: kipapasio kiko chini ya jicho, mdudu ni mdogo, naye yuko kwenye mahindi, mtama, mpunga au nepia

Hapa mtafute kipi. Jogoo ana kipi nyuma ya mguu, na virukamimea wa familia ya Delphacidae nao wana chao: kiko mwisho wa muundi wa nyuma, kando ya unyayo, na kinacheza. Ukikisukuma kwa ncha ya sindano kinasogea kama mlango kwenye bawaba. Miiba mingine yote ya mguu imekaa imara, haisogei. Kipi hiki kinaweza kuwa chembamba kama mwiba au bapa kama jani, na mara nyingi ukingo wake una meno madogo. Familia nyingine ya virukamimea haina kitu cha namna hii, kwa hiyo ukikiona umemaliza kazi ya kutafuta familia. Hata tunutu, yaani watoto ambao hawajakomaa, wanacho, ila kwa wachanga sana ni kidogo mno na lenzi ya mara 10 haitoshi.

Wale wa Muheza walikuwa nacho. Tuliingia shambani, nikapanua moyo wa mhindi mmoja taratibu. Ndani, penye unyevu, walikuwa wamejaa: wakubwa wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na manjano, mabawa angavu yenye doa jeusi kuelekea ncha, na tunutu weupe-njano wamejibana chini kwenye makwapa ya majani. Sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka, wakigusa migongo ya wale tunutu na kunywa majimaji matamu wanayotoa. Kwenye mshipa mkuu wa jani palikuwa na vitundu vidogo vyenye utando mweupe, mahali jike alipopasua na kuficha mayai. Huyo ni Peregrinus maidis, kirukamimea wa mahindi na mtama katika nchi nyingi za joto.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nahangaika na kipapasio wakati mkulima anataka dawa tu. Sababu iko kwenye majani ya mahindi yenyewe. Ugonjwa wa milia, ule unaotia mistari mifupi myembamba iliyokatikakatika kama mtu aliyechora kwa penseli na kuinua mkono kila mara, huletwa na virukajani wa jenasi Cicadulina: wadogo, manjano, wenye madoa mawili meusi ya mviringo kichwani. Kirukamimea Peregrinus maidis hauenezi ugonjwa huo. Yeye hubeba virusi vingine, na kimojawapo hutia mikanda mipana iliyopauka, inayoungana kadiri jani linavyokua, na ncha za majani machanga hupinda. H. H. Storey, ambaye ndiye aliyeonyesha kwamba Cicadulina wanaeneza milia, alifanya kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha Amani, huko huko Usambara, si mbali na shamba la yule mama. Tangu wakati wake, mtu anayechunguza mahindi yenye mistari huanza kwa kujiuliza aliyeruka ni nani kati ya hao wawili. Mbegu inayostahimili milia haimkingi mtu na ugonjwa wa Peregrinus, na mkulima aliyeinunua akaona mistari mipana ana haki ya kuelezwa hivyo badala ya kuambiwa kapewa mbegu feki.

Mfano mwingine uko magharibi mwa Kenya, kwenye nepia inayodumaa. Majani yanakuwa madogo na ya njano, shina linachipua vichipukizi vingi vifupi, na mfugaji anakosa malisho. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walikusanya virukajani na virukamimea waliokutwa kwenye nepia, wakiwemo Delphacidae kadhaa, wakawajaribu mmoja mmoja kama wanaweza kuhamisha fitoplazma ya ugonjwa huo, yaani kijidudu cha jamii ya bakteria kinachoishi ndani ya mmea. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2009, aliyehamisha alikuwa mmoja tu: kirukajani aitwaye Recilia banda. Virukamimea walikuwepo shambani, tena kwa wingi, lakini kuwakuta kwenye mmea mgonjwa hakukutosha kuwatia hatiani.

Dalili: mistari ya mahindi ipo, wadudu hawapo

Umekwenda saa saba mchana. Jua likipanda wanashuka chini kwenye makwapa au ndani ya moyo wa mmea. Nenda alfajiri umande ungalipo, au jioni. Usitikise mmea kwanza. Shika jani la kati, lipanue polepole. Ukishindwa kabisa, tundika taa usiku mbele ya shuka jeupe, maana wenye mabawa marefu hufuata mwanga. Ila kumbuka aliyekuja kwenye taa anaweza kuwa ametoka shamba la mbali, kwa hiyo hawezi kukuthibitishia kinachoishi kwenye mahindi yako.

Dalili: wote wana mabawa mafupi, unadhani ni watoto

Si lazima wawe watoto. Delphacidae wengi wana watu wazima wa namna mbili katika spishi moja: wenye mabawa marefu wanaosafiri, na wenye mabawa mafupi yasiyofunika tumbo, ambao hubaki kwenye mmea na kuzaa. Nimeona madaftari ya mashambani ambamo majike wazima yameandikwa "tunutu" mstari baada ya mstari, na hesabu nzima ya kizazi ikaharibika.

Tazama lile bawa fupi. Kama lina mishipa inayoonekana na linaweza kuinuliwa kwa sindano bila kuchana ngozi, huyo ni mkubwa. Kwa tunutu, kile unachokiona ni kifuko cha bawa, kimeungana na mgongo, hakina mishipa na hakiinuki. Tumbo nalo linasema: jike mzima ana kisu chembamba chini ya tumbo cha kupasulia mmea, dume mzima ana kikombe kilicho wazi mwishoni. Tunutu hana kimojawapo kilichokamilika. Hupitia hatua tano kabla ya kukomaa.

Kwa kuwa tumewataja tunutu, kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria nastaajabu. Kirukamimea wa Ulaya aitwaye Issus coleoptratus, akiwa tunutu, ana meno kama ya gia kwenye mashina ya miguu ya nyuma, mguu wa kulia unauma wa kushoto, ili yote miwili ifyatuke kwa wakati mmoja. Malcolm Burrows na Gregory Sutton walilieleza mwaka 2013. Akijivua ngozi mara ya mwisho na kuwa mkubwa, gia zile hupotea.

Dalili: kipapasio kiko sawa, lakini kipi hakuna

Basi si Delphacidae, na sasa mmea na umbo la bawa vinaanza kusaidia.

Kwenye minazi, inua jani la chini na utazame upande wake wa ndani. Utakuta wadudu wembamba, mabawa yao marefu kupita mwili, wengine wakiwa wametulia mabawa yamenyooshwa pembeni. Hao wengi ni Derbidae. Cha kuthibitisha ni mdomo: pingili ya mwisho ya ule mrija wa kufyonzea ni fupi mno, urefu wake karibu sawa na upana. Familia nyingi nyingine pingili hiyo ni ndefu. Wakubwa hukaa kwenye minazi na nyasi, ila watoto wao huishi kwenye miti inayooza na takataka za majani, wakila kuvu. Ndiyo maana utachambua mnazi wote usione tunutu hata mmoja.

Familia mbili nyingine hupatikana hapo hapo. Meenoplidae ni wadogo, mara nyingi wamejipaka nta, na mshipa mmoja au yote miwili ya ile herufi Y imepangwa vipele vidogo kama shanga. Cixiidae wana mabawa angavu yenye mishipa iliyotiwa nukta nukta, kila nukta imeota unywele, na wengi wana jicho dogo la tatu katikati ya uso. Watoto wa familia hizi mbili huishi udongoni, kwenye mizizi.

Hili la minazi linanigusa kwa karibu, kwani nimekulia pwani na nimeona shamba zima likibaki vigogo visivyo na vichwa. Ugonjwa huo unaletwa na fitoplazma. Huko Florida, majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba ugonjwa wa minazi unaofanana nao huenezwa na kirukamimea wa Cixiidae, Haplaxius crudus. Kwetu, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, na wenzao wa Uingereza walichapisha mwaka 2000 kwamba wamekuta chembe za urithi za fitoplazma hiyo ndani ya wadudu wa aina mbili: Meenoplus, na Derbidae mmoja mwenye jina la nyumbani kabisa, Diastrombus mkurangai, lililotokana na Mkuranga. Kukuta chembe hizo ndani ya mdudu ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba anahamisha ugonjwa ni jingine, kama tulivyoona kwa nepia. Lakini anayetafuta wadudu hao kwenye minazi akiwachanganya Derbidae na Meenoplidae, au akiokota virukajani akaviweka kwenye chupa moja nao, kazi ya maabara itakayofuata ni bure.

Kama mdudu ana kichwa kilichorefuka mbele kama pua, fikiria Dictyopharidae au Fulgoridae. Kwa Fulgoridae, sehemu ya nyuma ya bawa la nyuma ina mishipa mingi inayokatana kama wavu wa samaki. Kwa mwenye kutaka kujizoeza bila lenzi, na akawa anaishi mashariki mwa Marekani, yupo Lycorma delicatula, aliyegunduliwa Pennsylvania mwaka 2014 baada ya kuingia kutoka Asia. Ni mkubwa, takriban sentimita mbili na nusu, na pingili ya kipapasio chake ina rangi ya chungwa iliyokolea. Ndugu yangu wa huko alinitumia picha aliyoipiga kwa simu tu, na ile chungwa ilionekana wazi chini ya jicho kama hereni.

Dalili: anafanana na nondo, na unga unabaki kidoleni

Watu husema: unga umebaki kidoleni, basi ni nondo. Sivyo. Unga wa nondo ni magamba, ukiukuza unaona vigae vidogo vilivyopangana, kila kimoja na shina lake. Unga wa kirukamimea ni nta, hauna umbo, ni vumbi na nyuzi fupi. Nondo ana vipapasio virefu vinavyoonekana mbali na mrija uliojikunja kama springi ya saa ya zamani. Kirukamimea ana mrija ulionyooka, umelala chini ya kifua kati ya miguu.

Wanaofanana na nondo ni Flatidae na Ricaniidae. Flatidae hubana mabawa pande mbili, mapana na ya wima, ukimtazama kutoka mbele ni kama kabari nyembamba iliyosimama kwenye kijiti. Ukingo wa mbele wa bawa una mishipa mingi midogo iliyopangwa sambamba kama ngazi, na kona ya ndani karibu na mgongo imejaa vipele. Ricaniidae huyalaza mabawa zaidi, yawe kama pembetatu iliyotandazwa, na kona ile haina vipele hivyo.

Afrika Mashariki tuna Flatidae wanaostahili kutazamwa hata na asiyejali wadudu: Ityraea. Hukusanyika kwenye kijiti kilichosimama, wengine kijani, wengine waridi, wakipangana hadi kijiti kinafanana na ua. J. W. Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyepita Kenya mwaka 1893, alidhani ni ua hasa mpaka aliposogea. Ukilikuta "ua" la namna hiyo usilichume. Lipulizie pumzi kidogo, utaona.

Dalili: pamba nyeupe kwenye matawi

Hapa kuna washukiwa watatu na jaribio moja la haraka. Chukua unyasi, mguse mdudu mkiani. Wale wadudu weupe wa unga wa mipapai na mihogo watatambaa polepole au hawatajali. Inzi weupe wataruka kwa mabawa, wingu zima. Tunutu wa Flatidae au Ricaniidae atafyatuka ghafla na kupotea, huku nyuzi zake za nta, zilizokuwa zimetandazwa nyuma kama mkia wa tausi, zikibaki zinaelea. Mkamate, mfute nta kwa brashi laini yenye tone la spiriti, uso utaonekana, na kipapasio kitakuwa pale pale chini ya jicho.

Povu ni habari nyingine. Tunutu aliyejificha ndani ya povu kama mate si kirukamimea. Ni jamii ya Cercopoidea, na muundi wake wa nyuma una mwiba mmoja au miwili minene ubavuni na taji la miiba mwishoni. Ukisikia mti fulani unanyesha kiangazi kikavu, maji yakidondoka matawini, tafuta hao: wa jenasi Ptyelus hukaa kwa makundi na kudondosha majimaji mpaka chini panalowa. Na anayefanana na mwiba wa mti, mgongo umeota pembe, ni Membracidae.

Dalili: ana uvimbe au mfuko ubavuni

Niliwahi kuletewa kirukamimea mwenye kifuko cheusi kinachong'aa, kimechomoza kati ya pingili za tumbo, na aliyemleta alikuwa na furaha akidhani ni spishi mpya. Kilikuwa kiluwiluwi cha nyigu wa familia ya Dryinidae, anayemla mdudu akiwa hai. Jike wa nyigu hao wengi ana koleo kwenye miguu ya mbele, hulitumia kumshika kirukamimea akimtaga yai. Ukiona vichwa vidogo vya kahawia vimechungulia kati ya pingili za tumbo, hao ni wadudu wa Strepsiptera. Ukiona kibonge cheupe cha nta kimeng'ang'ania mgongoni, huenda ni kiwavi wa nondo wa Epipyropidae. Mdudu aliyevamiwa hivyo viungo vyake vya uzazi mara nyingi huharibika au hubaki nusu nusu, kwa hiyo usimtumie kutafutia spishi. Ila mhesabu na umwandike. Shamba lenye wengi wa namna hiyo lina walinzi wake tayari.

Asia walijifunza hili kwa hasara. Dawa zilizopuliziwa mpunga ziliua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla Nilaparvata lugens, kirukamimea wa kahawia, naye akaongezeka kuliko mwanzo. Mwaka 1986 Indonesia ikapiga marufuku dawa 57 zisitumike kwenye mpunga.

Dalili: umefika kwenye familia, spishi haipatikani

Angalia kwanza kama una dume. Kwa Delphacidae na wengi wengineo, spishi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, na majike ishirini hayawezi kufanya kazi ya dume mmoja. Rudi shambani ukusanye zaidi.

Halafu angalia sampuli ilivyohifadhiwa. Spiriti huondoa nta na kupausha kijani, kwa hiyo piga picha kabla hujamzamisha: moja ya ubavu, moja ya uso, moja ya bawa likiwa limetulia. Kwa kutazama viungo, alkoholi ya asilimia 70 inafaa. Kwa kazi ya chembe za urithi tumia ya asilimia 95 au zaidi, na uibadilishe baada ya siku ya kwanza. Waliokauka sana waweke usiku kucha kwenye kopo lililofungwa lenye pamba iliyoloa, viungo vitalainika bila kuvunjika. Waliokwama kwenye mtego wa gundi usiwang'oe kwa mkono. Kata kipande cha mtego, weka tone la mafuta ya taa, subiri gundi iyeyuke.

Lebo iandike kwa penseli, wino hufutika kwenye alkoholi. Andika kijiji na wilaya, tarehe, mmea, alipokuwa kwenye mmea huo, na kama uliona tunutu pamoja naye. Hilo la tunutu lina uzito, kwa sababu mkubwa anaweza kuwa mpita njia tu, lakini anayezaa juu ya mmea huo anaishi hapo.

Yule mama wa Muheza alibaki na kikombe chake. Nilimwachia lenzi yangu ya zamani, yenye ufa pembeni. Wiki iliyofuata alinipigia simu kabla hata sijanywa chai: amekamata mwingine, wa manjano, mdogo zaidi, na kipapasio chake ni unywele mtupu katikati ya macho. "Ana madoa mawili meusi kichwani," akasema. "Huyu siye wa juzi, mwanangu. Njoo."